Upweke wa Abdilatif na wa Kazimoto

Ndugu yangu, umeuliza ni nani aliyeusawiri upweke kwa kina zaidi, Abdilatif Abdalla katika diwani yake Sauti ya Dhiki (1973) au Euphrase Kezilahabi katika riwaya yake Kichwamaji (1974). Kwangu mimi ni Abdilatif, na sisemi hivyo kwa kuwa ni mwana wa Mombasa. Alifungwa kati ya 1969 na 1972, akatengwa na wenzake, lakini mashairi yake, kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, kile kile tunachokisikia mitaani kwetu, hayaachi kutafuta mtu wa kuzungumza naye, hata katika “Mnazi” watu wawili wakawa wanagombania mti mmoja kwa kujibizana beti. Kazimoto, mhusika mkuu wa Kezilahabi, kinyume chake, yumo miongoni mwa jamaa zake, na maneno yao hayamfikii.