Anti, baba akioa tena ndo atakaa sawa?

SWALI: Anti shikamoo. Baba angu ana miaka 60, yuko Morogoro, mama alifariki mwaka jana na baba akastaafu mwaka huohuo. Sa hivi msikitini ni Ijumaa tu, shati analirudia siku tatu, TV inawaka mpaka alfajiri yeye kakodoa macho tu, chakula anakidokoa. Baba zangu wadogo wanasema dawa ni kumuozesha fasta, na mwanamke keshapatikana huko Kilosa. Eti mtu wa umri huo akikaa bila mke akili inayumba, ni kweli? – Binti wa kwanza

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Baba zako wadogo hawajakosea kila kitu, kweli walio kwenye ndoa kwa wastani wanapata sonona (ule ugonjwa wa huzuni nzito) kidogo kuliko waliofiwa au kuachana, ila hiyo ni ndoa yenye amani, ile ya kununiana kuanzia chai mpaka usiku inaumiza vilevile. Kuna wataalamu wa Marekani, Holmes na Rahe, mwaka 1967 waliyapa alama matukio mazito ya maisha, kufiwa na mwenza wakaweka 100, juu kabisa, talaka 73, kustaafu 45, sasa mzee wako kayapata mawili kwa mpigo halafu mnashangaa halali!

Na wanaume wa rika lake wengi (mtanisamehe akina baba) marafiki zao ni wa kazini, mengine yote yanapitia kwa mke, yeye ndo anapiga simu kwa mashemeji, anajua nani anaozesha na nani mgonjwa, anakumbusha vidonge vya presha. Mama kaondoka na hayo yote, ndo maana mjane mwenye kikoba chake na mashoga zake mara nyingi anasimama mapema kuliko mgane.

Hiyo hali ikizidi wiki mbili mfululizo ni ya hospitali. Mwambie mnaenda kupima presha, hapo atakubali kutoka, ila mkifika msiishie kwenye presha, mwelezeni daktari habari ya usingizi na chakula. Na muulize waziwazi kama anawaza kujidhuru, kumuuliza hakumpandikizii hilo wazo. Baba wadogo nao badala ya kutafuta mchumba wapokezane kwenda kula naye jioni.

Huyo wa Kilosa asubiri kwanza, naye ana haki ya kujua anaolewa na mtu anayeumwa.