Gizani anajizuia, mbalamwezi inamshinda

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni nahodha wa mtumbwi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Nina umri wa miaka 38, mke na watoto wanne, na ninaimba besi katika kwaya ya parokia. Wakati wa giza, yaani wiki ambazo mwezi hauangazi usiku na dagaa hufuata taa zetu, sionji pombe hata tone, kwa kuwa tunakesha ziwani. Ikifika mbalamwezi tukapumzika na kugawana fedha, hunywa na wenzangu siku nne au tano mfululizo, na mara nyingi mgawo unaofika nyumbani si hata nusu. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa na uvuvi ukasimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, hali ilikuwa mbaya zaidi. Sasa mke wangu, ambaye huuza mawese sokoni Mwanga, anataka nimkabidhi mgawo wote. Naona ananivunjia heshima. Mimi si mlevi; mlevi hawezi kukaa wiki tatu bila kunywa. Kanisa letu halikatazi bia, Yesu aliwapa watu divai Kana, na Paulo alimruhusu Timotheo. Tatizo dogo nililo nalo ni kwamba usiku wa kwanza wa kurudi kazini mikono hutetemeka hadi namwomba kijana aniwashie karabai. Je, ni halali mwanamume Mkristo kumkabidhi mke fedha zake?"

Marahaba, mwanangu. Naomba nianze na hilo uliloliita dogo, kwa sababu ndilo lililonishtua. Mtu anayekunywa sana kwa siku kadhaa kisha akaacha ghafla anaweza kutetemeka, kutokwa na jasho na kukosa usingizi, na wengine hupatwa na degedege au huona vitu visivyokuwapo. Hayo yakimpata mtu akiwa kitandani kwake ni hatari. Yakimpata nahodha usiku, katikati ya Ziwa Tanganyika, akiwa na vijana waliomkabidhi roho zao, sina hata neno la kuyaeleza. Kabla ya mbalamwezi ijayo nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, umweleze daktari unakunywa nini na kwa wingi gani, bila kupunguza, na umsikilize kuhusu namna ya kuacha iliyo salama kwako. Usiingie ziwani mikono ikiwa katika hali hiyo.

Sasa nije kwenye hoja yako ya wiki tatu. Wakati wa giza kuna wavu, kuna taa za kutunza, kuna mwenye chombo anayesubiri hesabu asubuhi, na fedha bado haijagawanywa. Kazi ndiyo inayokuzuia, mwanangu, na sifa hiyo ni ya kazi. Kiasi, yaani kujitawala, ambacho Paulo anakitaja mwishoni mwa tunda la Roho, katika Wagalatia 5:23, hupimwa siku ambayo hakuna anayekusimamia na fedha iko mfukoni. Ushahidi umeutoa wewe mwenyewe: ziwa lilipofungwa miezi mitatu na kazi ikaondoka, hukubakiwa na kizuizi chochote.

Kuhusu Kana sitabishana nawe, ingawa habari ya arusi ile husimuliwa vilabuni kwa bidii ambayo makatekista wetu wangeionea wivu. Ni kweli pia kwamba Kanisa Katoliki halikatazi bia, tofauti na baadhi ya makanisa jirani yako ambayo huikataza kabisa. Lakini Kanisa hilohilo huhesabu kiasi kuwa miongoni mwa fadhila nne kuu, pamoja na busara, haki na nguvu, na Katekisimu yake, katika aya ya 2290, inasema kwamba fadhila hiyo humwelekeza mtu kuepuka kila namna ya kupita kiasi, iwe katika chakula, pombe, tumbaku au dawa. Naye Timotheo aliambiwa atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na maradhi yaliyomrudia mara kwa mara. Hilo halifanani na siku tano kilabuni. Paulo huyohuyo aliwaandikia Wakorintho kwamba vitu vyote ni halali kwake, lakini hatatiwa chini ya uwezo wa kitu chochote. Kwa hiyo, hata nikikubali kwamba bia ni halali, bado ninakuuliza ni nani anayeamua siku ya kugawana: wewe au bia? Kwa mtu ambaye mwili wake umeshaanza kutetemeka, sioni busara ya kumwambia anywe chupa mbili tu.

Pengine utasema utaanza msimu ujao. Liwali Feliki, katika Matendo 24, alimsikia Paulo akizungumza juu ya haki, kiasi na hukumu, akaogopa, kisha akamwambia aende zake mpaka atakapopata nafasi. Miaka miwili baadaye Feliki aliondoka madarakani akimwacha Paulo kifungoni, na hatusomi kwamba alibadilika.

Juu ya fedha, sijaona andiko linalomkataza mume kumkabidhi mkewe mgawo. Heshima yako inavunjika zaidi mama watoto anapolipa ada kwa fedha ya mawese huku mtaa mzima ukijua baba alikuwa wapi. Usingoje adai: toka mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, asubuhi ileile ya kugawana, pitia nyumbani kabla ya mahali pengine popote, mkabidhi mwenyewe, na mkubaliane ni shilingi ngapi zitabaki mfukoni mwako. Naye umwombe, kwa upole, asilitangaze jambo hilo sokoni. Wenzako waambie mapema, wakati bado mko kazini na akili zimetulia, kwamba safari hii hutakaa nao, atakayecheka acheke. Siku hizo za mapumziko uwe umezipangia nyavu za kushona, zamu ya mazoezi ya kwaya, na nafasi ya kumwona padre.

Na ile sehemu ya mgawo wa mwezi uliopita ambayo haikufika nyumbani, mweleze mkeo ilikwenda wapi, kadiri unavyokumbuka, kabla hujamkabidhi mgawo mwingine.