Kabla hujaikuza riakta ya singasi, panga joto litatoka vipi

Vijana wengi wanaoniuliza kuhusu kugeuza singasi (mchanganyiko wa gesi za kaboni monoksidi na hidrojeni) kuwa dizeli huanzia kwenye kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko: watumie kobalti au chuma? Mimi huwauliza kwanza joto watalitoa vipi. Nimekaa miaka mingi kwenye mitambo ya majaribio ya kazi hii, na miradi niliyoiona ikikwama njiani kutoka maabara kwenda kiwandani, mingi ilikwama hapo.

Kemia yenyewe si ngeni. Franz Fischer na Hans Tropsch waliiweka wazi tangu miaka ya 1920 huko Mülheim, Ujerumani. Kaboni monoksidi na hidrojeni hukutana juu ya kichocheo, zikatoa minyororo ya haidrokaboni, ndiyo mafuta na nta, pamoja na maji. Hutoa pia joto la kilojuli 165 hivi kwa kila moli ya kaboni monoksidi inayotumika. Maabara, kwenye mrija mwembamba wenye gramu chache za kichocheo, joto hilo hupita ukutani bila kusumbua mtu. Sasa ongeza kipenyo cha mrija mara mbili. Kwa kila mita ya urefu, kichocheo kimeongezeka mara nne, lakini ukuta wa kutolea joto umeongezeka mara mbili tu. Katikati ya mrija panawaka. Kobalti iliyozoea nyuzijoto 220 ikizidishiwa moto huanza kutengeneza methani badala ya mafuta, na kutengeneza methani hutoa joto zaidi tena. Ukichelewa kushtuka, riakta imeshakushinda.

Kwa hiyo, ukichagua riakta ya mirija, usiunenepeshe mrija: ongeza idadi. Ndivyo ilivyofanyika Sasolburg, Afrika Kusini, mwaka 1955, ambako kila riakta ya aina iliyoitwa Arge ilikuwa na mirija zaidi ya 2,000, kila mmoja una kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa mita 12. Pearl, mtambo wa kutengeneza mafuta kwa njia hii kule Qatar, ulioanza uzalishaji mwaka 2011, una riakta 24, na kila moja ina maelfu ya mirija.

Na hapa nakusihi sana: jaribu mrija mmoja wenye kipenyo halisi na urefu halisi. Wafadhili watakuomba utumie mfupi ili kuokoa fedha. Kataa. Kwenye mrija wa mita 1, ukitaka gesi ikae na kichocheo kwa muda uleule, lazima uipitishe polepole mara 12 kuliko kwenye mrija wa mita 12. Gesi inayokwenda polepole hailifikishi joto ukutani vizuri, na kuhusu presha inayopotea njiani haikuambii lolote. Utakuwa umepima kitu ambacho hutakijenga kamwe.

Nje ya mirija weka maji yanayochemka. Kwenye presha ya bar 23 hivi, maji huchemka kwenye nyuzijoto 220, kwa hiyo anayeshika valvu ya mvuke ndiye anayeshika joto la riakta nzima. Valvu hiyo na pampu ya akiba ya maji si mahali pa kubana matumizi.

Kuna njia nyingine, ya kuuacha unga wa kichocheo uelee ndani ya nta iliyoyeyuka huku singasi ikipanda kwa mapovu. Sasol, kampuni ya Afrika Kusini, walianza kuitumia kibiashara mwaka 1993 kwa riakta yenye kipenyo cha mita 5. Joto husambaa vizuri ajabu humo. Taabu huhamia kwenye kuchuja: chembe husagika, vumbi lake huziba vichujio au huondoka na nta. Jaribio la wiki moja halitaonyesha hilo, basi liache liendelee kwa miezi.

Gesi ya mitungi inayotumika maabara nayo hudanganya kwa usafi wake. Singasi ya makaa au ya taka za mashambani huja na salfa, na kobalti haivumilii hata kiasi kidogo sana. Chepusha sehemu ya gesi halisi ya mtambo, uipitishe kwenye usafishaji wako, kisha kwenye kichocheo.

Siku ya kuwasha, kichocheo kipya ndicho kikali kuliko kitakavyokuwa tena. Punguza makali ya singasi kwa naitrojeni, anza chini kabisa ya joto la kazi, kisha panda taratibu, nyuzi chache kwa wakati, ukisubiri vipimajoto vya mirija vitulie kabla ya kupanda tena. Bosi akikuharakisha, mwonyeshe vipimajoto hivyo.