Duka la sefingi Mwanza litalipa?

SWALI: Shikamoo anko. Tuko vijana sita hapa Ilemela, kuna mzungu alikuwa anafanya kazi huku akatuachia bodi mbili za sefingi, ule mchezo wa kusimama kwenye ubao na kuteleza na mawimbi, moja imepasuka ncha na kila fundi anasema hajawahi kuona kitu kama hicho. Tunataka tuchange tufungue duka la sefingi ila mwenzetu mmoja anabisha, eti tutamuuzia nani na ziwa lenyewe halina mawimbi ya maana. Unaonaje?

JIBU: Marahaba wanangu. Mwenzenu hajakosea sana. Mawimbi ya ziwa letu yanaletwa na upepo wa hapahapa, hayatoki mbali kama ya bahari, ndo maana yanakuja mafupi yamebanana na upepo ukitulia nayo yameisha. Ila maziwani watu wanasefu, pale Sheboygan kwenye Ziwa Michigan kule Marekani wanaingia mpaka majira ya baridi, sijui wana roho gani.

Sasa duka. Bodi mtu ananunua moja anakaa nayo miaka, hamtaishi kwa hilo. Mmarekani mmoja, Jack O'Neill, alipofungua duka lake la sefingi San Francisco mwaka 1952 lilikuwa gereji tu, na kwa vile maji ya kule ni ya baridi kali akawa anatengeneza mwenyewe nguo za kuzuia baridi. Alianza na shida ya wenzake. Shida yenu ni ile ncha iliyopasuka.

Bodi hiyo isiguse maji tena, povu la ndani linanyonya. Ikaushe kivulini siku kadhaa, halafu chungulia kwenye ufa, ukiona vipunje vyeupe kama vile vinavyopakiwa na TV mpya basi msimruhusu fundi wa boti za faiba aweke rezini ya poliesta, ile gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu, povu litayeyuka mnaliangalia hivihivi. Hapo ni rezini ya epoksi tu. Kama ni laini halina vipunje, mara nyingi poliesta inakubali.

Mkiijua kazi hiyo tayari mna meza ya fundi, bodi nzima mnaikodisha kwa saa pamoja na laifu jaketi, watu watakuja wenyewe kukaa, kama wavuvi pale Mwaloni wanavyokaa dukani kwa muuza nyavu, hanunui hata uzi, anauliza tu upepo wa leo umekaaje na nani kapata nini. Wekeni benchi.

Halafu mkapime kichocho wote sita, hilo sasa sio la biashara.