Barua kwa Mwanangu: Mahler Alipobatizwa

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama Gustav Mahler, yule mtunzi wa muziki aliyezaliwa Myahudi, aliuza dini yake ili apate kazi, na kama mimi, mwalimu wa kwaya wa miaka yote, bado namheshimu. Namheshimu.

Tazama alikotoka. Alizaliwa Bohemia, ambayo leo iko Jamhuri ya Cheki, mwaka 1860, akakulia mji wa Iglau, baba yake akiuza pombe. Walizaliwa 14, wengi wakafa wadogo. Alisoma Vienna akitaka kuwa mtunzi, lakini utunzi haukumpa mkate, akageukia kuongoza okestra: Kassel, Prague, Leipzig, Budapest, Hamburg. Kazi aliyoitamani ilikuwa Opera ya Kifalme ya Vienna, na pale Myahudi hakupewa ukurugenzi. Februari 1897 akabatizwa kuwa Mkatoliki. Kabla mwaka haujaisha, akawa mkurugenzi.

Ndiyo, alipiga hesabu. Ila nani aliyeweka bei hiyo? Lawama yangu naipeleka kwa wenye mlango.

Wala usidhani yale maji yalimnunulia amani. Magazeti yenye chuki kwa Wayahudi yalimwandama hadi alipoondoka mwaka 1907. Yeye akachapa kazi. Akaamuru taa za ukumbi zipunguzwe, wachelewaji wakazuiwa nje (hapo alinifurahisha kweli, unajua waimbaji wangu!). Simfonia zake, yaani tungo ndefu za okestra, alizitunga likizo za kiangazi, kibandani kando ya ziwa. Mwaka huohuo wa 1907 binti yake Maria alifariki, na madaktari wakamwambia moyo wake una kasoro. Akaenda kuongoza New York, akafa Vienna mwaka 1911, akiwa na miaka 50.

Wanazi walipotawala waliupiga marufuku muziki wake. Alma Rosé, mpiga fidla, mtoto wa dada yake, alipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, akawekwa kuongoza okestra ya wanawake wafungwa, akafia humo mwaka 1944. Kwa hiyo ukimwita Mahler msaliti, nieleze alichopata katika usaliti huo zaidi ya miaka kumi ya kazi ngumu.

Usianze na Simfonia ya Nane, itakuchosha kwa makwaya yake. Anza na ya Kwanza, sehemu ya tatu: wimbo wa watoto umegeuzwa muziki wa mazishi, mara bendi ya kilabuni inaingia bila hodi. Huyo ndiye mtoto wa muuza pombe wa Iglau. Ukimaliza nipigie, tubishane vizuri.

Mama yako