Jibu: Riwaya ya pepo imekwama sura ya ngoma

Salaam ndugu. Umesema katika riwaya yako sura ya ngoma ya kupunga pepo imegeuka mawaidha, na mhusika wako, bibi mwenye ruhani (aina ya pepo anayempanda mtu), amekosa uhai. Kwanza angalia: huyo ruhani anadai nini? Huku pwani hapandi bure. Anataka ubani, marashi, nguo nyeupe, na familia ndiyo itafute fedha za kumpunga. Hapo ndipo penye hadithi: nani analipa, nani ananuna, mume anakwepaje macho ya watu msikitini. Mimi huandika ugomvi huo kwanza, ngoma baadaye. Usihangaike kuthibitisha kama pepo yupo. Bibi aliye kiti chake, yaani anayepandwa naye, hajiulizi hilo. Ule ukurasa wako wa kufafanua imani ufute tu, hata kama unaupenda. Swali lako la wachapishaji nawaachia wanaolijua.