Nakshi za Lamu: wafundishwe, lakini na nani?

Mhariri, swali lenu la wiki hii, iwapo watoto wa shule za msingi Lamu wafundishwe kuchonga nakshi, limenichoma. Tangu Mji Mkongwe wa Lamu uingizwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, kila mgeni huipiga picha milango yetu, ila wa kuichonga kesho haulizwi. Hata hivyo, jibu langu la kwanza lilikuwa hapana. Nakshi hufundishwa karakanani, mtoto akianza kwa kufagia maranda na kunoa patasi.

Likizo moja nilimpeleka mpwa wangu kwa fundi. Mbele yake palikuwa na mfaa wa mvule, ule ubao wa katikati ya mlango unaobeba nakshi nzito. Mtoto aliitamani patasi, akapewa bikari. Achore duara, kisha, bila kubadili upana wa bikari, azungushe humo waridi la petali sita. Akachoka, akaanza kukadiria kwa jicho. Petali ya mwisho ikaipanda ya kwanza. “Futa.” Akachora upya. Alipopewa patasi hatimaye, akaisukuma kinyume cha nyuzi, kibanzi kikaruka na nusu ya petali. Fundi akaugeuza ubao, akaufunika mkono wa mtoto kwa mkono wake mwenyewe: “Mwanangu, usishindane na mti. Tazama unavyolala, uufuate.”

Dada ya mpwa wangu alikaa kizingitini muda wote. Hakufukuzwa, hakuna tu aliyemwita. Alikuwa akilichora waridi lile kwenye daftari, na petali zake zote sita zilikutana. Fundi akalitazama, akasema vizuri sana, akamrudia mvulana.

Nimelikumbuka daftari lile nikiandika, na hapana yangu imelegea. Darasani msichana ana dawati lake. Tena Muhamadi Kijumwa wa hapa hapa Lamu alikuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchongaji. Kalamu na patasi hazigombani.

Basi wafundishwe, kwa masharti. Afundishe fundi mwenyewe, alipwe kama mwalimu, asiitwe siku ya wageni tu. Patasi ziwe kali, maana butu hulazimisha nguvu, ikateleza ikakata mkono. Vipindi vifupi havitamfanya mtoto kuwa fundi, hilo sijaliacha. Anayeitaka kazi lazima baadaye akae karakanani. Na karakana ziwapokee wasichana, la sivyo shule itawafundisha kazi isiyo na pa kuifanyia.